Kemia ya Maji katika Tangi Jipya la Bahari: Mwongozo Kamili wa Miezi ya Kwanza

Maji ya tangi la bahari yanaweza kuwa angavu kabisa na bado yakaua kila kilichomo. Amonia haina rangi. Shaba iliyotoka kwenye mabomba ya nyumba haionekani. Chumvi ikipanda kutoka ppt 35 (gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji) hadi 38, jicho haliwezi kujua. Ndiyo maana anayeanza tangi la maji ya chumvi anapaswa kutumia vipimo kabla ya kutumia kemikali yoyote, na kanuni tutakayoirudia ni hii: usiongeze kitu usichokipima, na usirekebishe kwa siku moja jambo lililoharibika kwa wiki mbili. Samaki na matumbawe huvumilia namba isiyo kamilifu ikiwa haichezi. Kinachowamaliza ni namba inayopanda na kushuka.

Vipimo vyote vya dawa humu vimehesabiwa kwa lita 100 za maji halisi. Maji halisi ni yale yaliyobaki baada ya kutoa nafasi ya mawe na mchanga. Njia ya uhakika ya kuyajua ni kuhesabu ndoo wakati wa kujaza tangi na kuandika jumla yake pembeni. Tangi linalouzwa kama la lita 200 mara nyingi huwa na maji pungufu ya hapo, na ukitia dawa kwa hesabu ya lita 200 utakuwa umezidisha.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kumwaga maji

Unahitaji refraktomita ya kupimia chumvi, kipimajoto, mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.1, na seti za vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke). Za kalsiamu, magnesiamu na fosfati zinaweza kusubiri hadi tangi likomae, lakini usiingize tumbawe lolote bila kuwa nazo.

Refraktomita ndiyo inayodanganya watu wengi. Nyingi husawazishwa kwa maji yaliyotoneshwa hadi zisome sifuri, halafu mwenye tangi anaamini kwamba juu kule kwenye 35 nako ziko sawa. Si lazima. Baadhi zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya mezani, ambayo hupinda mwanga tofauti kidogo na maji ya bahari, kwa hiyo kosa hukua kadiri chumvi inavyoongezeka. Tumia kimiminika maalumu cha kusawazishia cha ppt 35. Tia matone mawili, funika, subiri nusu dakika ili joto lilingane na la kifaa, kisha zungusha skrubu hadi mstari uguse 35. Rudia kila mwezi. Kama kifaa chako kinasoma uzito linganifu, ppt 35 kwa nyuzi 25 za Selsiasi ni takribani 1.0264. Haidromita za plastiki zenye mkono unaoelea hushikwa na viputo vya hewa, na kiputo kimoja kinatosha kuinua usomaji. Kama huna kingine, gonga pembeni hadi viputo vyote viachie, ndipo usome.

Hatua ya 1: Tengeneza maji matamu yasiyo na kitu

Maji ya bomba huja na klorini au kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), nitrati, fosfati, silika, na wakati mwingine shaba. Samaki anaweza kustahimili shaba kidogo. Konokono, kamba na matumbawe hawawezi. Tumia mtambo wa RO, unaosafisha maji kwa kuyasukuma kupita membreni laini, wenye hatua nne: chujio la mashapo, kaboni, membreni, na mwisho resini ya DI, yaani chembe zinazonasa ioni zilizobaki. Hatua ya mwisho haina mbadala, hasa pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini: kaboni ikiivunja kloramini huachia amonia, sehemu yake hupenya membreni, na resini ndiyo inayoinasa.

Pima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka, ya maji yanayotoka. Lengo ni 0. Ikianza kusoma 1 au 2, badilisha resini mara moja, kwa sababu resini inayoelekea kuisha huachia kwanza vitu iliyovishika kwa udhaifu, silika ikiwa miongoni mwao, na hiyo ndiyo chakula cha mwani wa kahawia. Kila unapowasha mtambo uliokuwa umezimwa, mwaga maji ya dakika chache za mwanzo. Huwa machafu kuliko yanayofuata.

Hatua ya 2: Changanya chumvi

1. Jaza chombo cha plastiki kinachofaa kwa chakula. Weka pampu ndogo ya kusukuma maji na hita, ufikishe nyuzi 24 hadi 25.
2. Kabla ya kufungua ndoo ya chumvi, ibingirishe chini mara kadhaa. Chembe nzito hushuka chini wakati wa usafirishaji, na ukichota juu tu utapata mchanganyiko ambao kalsiamu na magnesiamu yake haviko sawa na vya chini.
3. Anza na gramu 36 kwa kila lita. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni gramu 720. Kiasi kamili hutofautiana kwa aina ya chumvi na unyevu wake, kwa hiyo pima halafu ongeza.
4. Chumvi iingie kwenye maji, kidogo kidogo, pampu ikizunguka. Ukimwaga maji juu ya rundo la chumvi, mahali pale ukoleo unakuwa mkubwa kiasi kwamba kalsiamu na kaboneti hukamatana na kuganda kuwa unga mweupe. Unga huo haurudi kuyeyuka, na ualkali wa maji yako utakuwa umepungua kabla hata hujaanza.
5. Acha hadi maji yawe angavu. Pima chumvi, kisha ualkali. Andika namba zote mbili.

Ndoo ya chumvi ifungwe vizuri kila mara. Chumvi iliyonyonya unyevu hadi ikawa mabonge haitoi tena kemia iliyoandikwa kwenye ndoo. Na kwa hali yoyote ile, usimwage chumvi kavu ndani ya tangi lenye viumbe.

Hatua ya 3: Komaza tangi bila samaki

Hapa ndipo subira inapohitajika. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza hutoa zaidi. Kundi moja la bakteria huibadilisha kuwa nitriti, kundi jingine huibadilisha nitriti kuwa nitrati. Bakteria hao wanaishi juu ya mawe na mchanga, si katika maji yenyewe, na wanakua polepole. Kuwalisha kwa amonia ya kupima ni bora kuliko kuweka samaki wa kujaribia: samaki huyo anaungua matamvua kwa wiki kadhaa, na hakuna sababu ya kumtesa.

Yeyusha gramu 6.3 za amoniamu kloridi safi katika lita 1 ya maji ya RO. Mililita 1 ya myeyusho huu kwa kila lita ya tangi hufikisha amonia miligramu 2 kwa lita. Kwa lita 100 utatia mililita 100. Soma maelezo ya seti yako ya vipimo: baadhi huonyesha amonia nzima, nyingine huonyesha naitrojeni iliyomo tu, na hizo zitasoma karibu 1.6 kwa kiasi kilekile.

Weka mawe hai (mawe ya baharini ambayo tayari yana bakteria) au bakteria wa chupa, joto nyuzi 26 hadi 28, taa zimezimwa ili mwani usipate nafasi. Ukitumia bakteria wa chupa, zima chujio la povu (kifaa kinachotoa uchafu kwa viputo vya hewa) na taa ya UV kwa siku ambazo mtengenezaji ameelekeza. Kisha pima amonia kila baada ya siku mbili. Ikishuka chini ya 0.5, tia tena dozi ileile. Usivuke miligramu 4 kwa lita. Amonia nyingi hudumaza bakteria haohao unaotaka wakue.

Nitriti itapanda, wakati mwingine hadi juu kabisa ya kadi ya rangi, na watu huogopa. Katika maji ya bahari hofu hiyo ni kubwa kuliko inavyostahili. Kloridi iliyojaa majini hushindana na nitriti kwenye matamvua, ndiyo maana nitriti inayoua samaki wa maji matamu haimdhuru hivyo samaki wa bahari. Ubaya wake katika hatua hii ni mwingine: huvuruga kipimo cha nitrati, ambacho kitasoma juu kupita ukweli. Usisumbuke kupima nitrati hadi nitriti iishe.

Tangi limekomaa pale dozi kamili ya miligramu 2 inaposhuka hadi sifuri ndani ya saa 24, na nitriti nayo iwe imetoweka au inakaribia. Kwa mawe makavu hii huchukua takribani wiki tatu hadi sita. Mawe hai mazuri hufupisha sana. Kila miligramu 2 za amonia zilizosagwa huacha miligramu 7 hivi za nitrati, kwa hiyo baada ya dozi nne tarajia karibu 29. Badilisha nusu ya maji, itashuka nusu.

Kazi hii ya bakteria pia hula ualkali. Kila dozi ya miligramu 2 huondoa kama dKH 0.65 (dKH ndicho kizio cha kupimia ualkali). Ukitia dozi tano bila kupima, unaweza kukuta umeshuka kutoka dKH 8 hadi chini ya 5, na hapo bakteria wenyewe hupunguza kasi. Wengi hudhani bakteria wamekufa na kununua chupa nyingine, wakati kilichokosekana ni gramu chache za baikaboneti.

Hatua ya 4: Ualkali, kalsiamu na magnesiamu

Kama utapima kitu kimoja tu kwa wiki mbali na chumvi, kiwe ualkali. Ndio unaoshikilia pH isiporomoke, ndio malighafi ya mifupa ya matumbawe, na ndio unaobadilika haraka kuliko vyote. Maji ya bahari yana karibu dKH 7, kalsiamu kama miligramu 410 hadi 420 kwa lita, na magnesiamu karibu 1,290. Katika tangi, chagua ualkali kati ya 7.5 na 9, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu 1,250 hadi 1,400, kisha ubaki hapo. Chumvi zinazochanganyika na kutoa dKH 11 au 12 hazifai sana tangi jipya: mchanga mpya una uso mwingi usio na utando wa viumbe, na kalsiamu kaboneti huganda juu yake. Utaona ualkali unashuka ilhali huna tumbawe hata moja, na mchanga unashikana kuwa mabonge magumu.

Kwa tangi lenye samaki pekee, usitie dawa yoyote kati ya hizi. Kubadilisha maji kunatosha. Dozi za kila siku zinaanza pale matumbawe yanapoanza kutumia ualkali na kalsiamu.

Kiasi cha kutia kwa lita 100:

- Kupandisha ualkali kwa dKH 1: gramu 3.0 za sodiamu baikaboneti, ile soda ya kupikia isiyochanganywa na kitu. Unga wa kuumulia keki una viungo vya ziada na haufai.
- Au gramu 1.9 za sodiamu kaboneti, ambayo hupandisha pH pia. Baikaboneti huishusha pH kidogo kwa saa chache, kisha hali hurejea.
- Kupandisha kalsiamu kwa miligramu 20 kwa lita: gramu 7.3 za kalsiamu kloridi yenye molekuli mbili za maji.
- Kupandisha magnesiamu kwa miligramu 50 kwa lita: gramu 42 za magnesiamu kloridi yenye molekuli sita za maji.

Yeyusha kila kimoja peke yake katika maji ya RO na ukimwage polepole mahali penye mkondo mkali. Acha angalau nusu saa kati ya ualkali na kalsiamu. Vikikutana vikiwa vikali, maji hugeuka meupe kama yametiwa maziwa: umepoteza vyote viwili, na hita na pampu zitavaa gamba gumu. Usipandishe ualkali zaidi ya dKH 1 kwa siku, wala kalsiamu zaidi ya miligramu 20.

Kujua dozi ya kila siku, pima ualkali leo na siku tatu baadaye, saa ileile. Tuseme ulikuwa 8.6, sasa ni 7.7. Umepungua 0.9, yaani 0.3 kwa siku. Kwa tangi la lita 200 hiyo ni gramu 1.8 za baikaboneti kila siku. Matumbawe hutumia kalsiamu kwa uwiano unaojulikana: kila dKH 2.8 huenda na miligramu 20 za kalsiamu kwa lita. Kwa hiyo tangi hilohilo linahitaji karibu gramu 1.6 za kalsiamu kloridi kwa siku. Huna haja ya kuipima kalsiamu kila siku. Mara moja kwa wiki mbili inatosha kuhakikisha hesabu inakwenda pamoja.

Ikiwa ualkali na kalsiamu vinakataa kupanda hata ukitia, pima magnesiamu kabla ya kuongeza dozi. Magnesiamu huzuia kalsiamu kaboneti isigande ovyo. Ikiwa imeshuka hadi 1,100, unachotia kinageuka mashapo.

pH, na kwa nini usiikimbilie chupa

pH ya 7.8 hadi 8.4 inakubalika. Huwa chini kabisa alfajiri kabla ya taa kuwaka, na juu jioni, kwa sababu mwani na matumbawe hutumia hewa ukaa penye mwanga na viumbe wote huitoa gizani. Ikisoma 7.8 muda wote ilhali ualkali ni dKH 8, chanzo karibu kila mara ni hewa ya chumba. Thibitisha: chota kikombe cha maji ya tangi, kipeleke nje, kipulizie hewa kwa pampu kwa saa moja, pima tena. Ikipanda, fungua madirisha, au pitisha bomba la hewa la chujio la povu hadi nje. Chupa za kupandisha pH kwa kawaida hazina kitu zaidi ya ualkali. Zitapandisha dKH kupita kiasi na pH itarudi palepale. Kipima pH cha kielektroniki kisawazishwe kwa vimiminika vya 7 na 10 kabla ya kukiamini.

Uvukizi na chumvi

Kinachovukizwa ni maji tu, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku bila kujazwa litatoka ppt 35 hadi 37.2 kwa siku nne. Jaza kila siku kwa maji ya RO matamu, au weka kifaa cha kujaza chenyewe, kifaa ambacho kwa maoni yetu kinastahili kununuliwa kabla ya taa za gharama. Hifadhi yake isizidi lita chache, ili kihisio kikikwama kisimimine maji matamu mengi hadi kushusha chumvi.

Chumvi ikiwa imezidi, 37 badala ya 35, toa lita 10.8 kutoka kwenye lita 200 na urudishe kiasi hichohicho cha maji matamu. Ikiwa imepungua, 33 badala ya 35, pengo ni takribani gramu 400 za chumvi. Ijaze kwa kutumia maji ya chumvi badala ya matamu katika kujazia uvukizi, hadi ifike. Badiliko lisizidi ppt 1 kwa siku.

Nitrati, fosfati na mwani wa mwanzo

Utando wa kahawia wiki za kwanza ni wa kawaida na huondoka wenyewe silika inapoisha. Mawe makavu huendelea kutoa fosfati kwa miezi, kwa hiyo kipimo kikisoma 0.2 leo baada ya kuisafisha jana, si kipimo kibovu. Shusha taratibu kwa chembechembe za oksidi ya chuma, ukianza na nusu ya kiasi kilichoandikwa.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuzifikisha zote sifuri. Nitrati ikikosekana na fosfati ikikosekana, mwani wa kawaida hushindwa na nafasi yake huchukuliwa na dinoflajelati: nyuzi za kahawia zenye viputo, zinazopungua usiku na kurudi mchana. Baadhi zina sumu inayoua konokono. Lenga nitrati 2 hadi 15 na fosfati 0.03 hadi 0.1. Ikiwa umefika sifuri, ondoa vichujio vya fosfati na ulishe zaidi.

Kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kunashusha nitrati kwa asilimia 10 tu: 40 inakuwa 36. Ikiwa imepanda sana, fanya badiliko kubwa moja la asilimia 30 hadi 40, maji mapya yakiwa na chumvi, joto na ualkali unaokaribiana na wa tangi. Ualkali ndio watu husahau kulinganisha.

Amonia ikionekana samaki wakiwa ndani

Weka samaki mmoja au wawili wadogo kwanza, usubiri angalau wiki mbili kabla ya wengine. Hata hivyo pampu hufa, samaki hufia nyuma ya mwamba, mtoto humwaga kopo la chakula. Samaki wakianza kupumua haraka karibu na uso wa maji, pima amonia papo hapo. Ikiwa 0.25 au zaidi:

1. Acha kulisha. Tafuta na utoe kilichokufa.
2. Badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji. Kwa sababu hii weka daima akiba ya maji ya chumvi yaliyokwisha changanywa.
3. Ongeza hewa na mkondo.
4. Usipandishe pH. Kutoka 7.2 hadi 8.2, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu huongezeka mara nane hadi kumi, na maji ya bahari tayari yako upande mbaya.
5. Ukitumia dawa ya kufunga amonia, fahamu kwamba vipimo vingi vitaendelea kuisoma hata baada ya kufungwa, na dawa nyingi za namna hii hupunguza oksijeni, ndiyo maana hatua ya tatu hutangulia.
6. Pima kila baada ya saa 12. Rudisha chakula nusu ya kawaida baada ya vipimo viwili mfululizo kusoma sifuri.